Jedwali la Safu Nne

Mwanzoni mwa mwaka 2009, miezi michache baada ya benki ya Marekani ya Lehman Brothers kuanguka, uchumi wa dunia kudorora na maagizo ya wateja wetu kuanza kukatika moja baada ya jingine, nilikabidhiwa kazi ambayo hakuna afisa utumishi anayeiomba: kuandaa orodha ya watu 36 watakaopunguzwa. Kampuni yetu ilikuwa ya kufungasha na kusambaza bidhaa, wafanyakazi wake hawakufika 300, na mkurugenzi alinipa wiki mbili. Nilijipa moyo kwamba nitatenda haki, na haki kwa ufahamu wangu wa wakati ule ilikuwa ni kutomtazama mtu usoni.

Kwa hiyo nikatengeneza jedwali la safu nne. Ya kwanza ilikuwa ya miaka ya utumishi, ya pili ya mahudhurio ya miezi 12 iliyopita, ya tatu ya utayari wa kufanya kazi zamu yoyote, na ya nne ya tathmini ya msimamizi. Majina niliyaondoa yote nikabakiza namba za utumishi. Kompyuta ikajumlisha alama na kuzipanga kutoka juu kwenda chini, nami nikapiga mstari kuwatenga 36 wa mwisho. Nakiri kwamba jioni ile niliondoka ofisini nikiwa na fahari kidogo, kwa sababu niliamini kuwa nimeuziba kila mwanya ambao upendeleo ungeweza kupitia.

Kesho yake nilimpelekea katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Alikuwa mama wa makamo aliyeanza kazi ghalani kabla mimi sijamaliza shule, na aliwajua watu wa pale kwa majina, kwa watoto wao na kwa maradhi yao. Aliutazama ukurasa kwa muda, akaniomba niyarudishe majina, kisha akachukua rula na kalamu nyekundu, akaanza kushuka mstari kwa mstari. Kila alipofika kwa mwanamke, mtu mwenye ulemavu au mhamiaji, aliweka kitone pembeni. Alipofika chini ukurasa ulikuwa kama umeugua surua: vitone 27 katika majina 36, ilhali watu wa makundi hayo yote kwa pamoja hawakufika theluthi moja ya wafanyakazi wetu.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa umewachujaje?"

"Si mimi, mama. Ni hesabu."

"Na chujio la hiyo hesabu limetengenezwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa mle ndani mpaka giza likaingia, tukiichambua safu moja baada ya nyingine, na niliyojifunza usiku ule yamenifaa kuliko kozi zote nilizowahi kulipiwa.

Tulianza na miaka ya utumishi, safu niliyodhani haina ubishi hata kidogo. Kampuni ilikuwa imeajiri wanaume watupu katika sehemu ya mashine tangu ianzishwe, na wanawake wa kwanza waliingia huko mwaka 2005. Mtu wa kwanza anayetumia kiti cha magurudumu aliajiriwa mwaka mmoja baadaye, baada ya ngazi za mlango mkuu kujengewa njia ya mteremko. Hivyo basi, safu ile haikupima uaminifu wa mtu wala ujuzi wake. Ilipima tarehe ambayo sisi wenyewe tulikubali kumfungulia mlango, kisha ikamwadhibu kwa kuchelewa kwetu. Jambo lililonishangaza ni kwamba katibu mwenyewe hakutaka tuifute. Kanuni ya aliyeingia mwisho atoke kwanza ilikuwa silaha ya chama kwa miaka mingi, kwa sababu inamzuia bosi kumtoa mzee anayemsumbua na kumwacha mpwa wake. Alikuwa ameipigania maisha yake yote, na sasa aliiona ikiwafagia wale aliokuwa amewapigania pia waingie. Mwishowe tulikubaliana kwamba miaka ihesabiwe, lakini iwekewe kikomo: aliyetimiza miaka 3 apate alama zote, na aliyetimiza 25 asipate zaidi ya hizo. Hakufurahi, nami nilimwelewa.

Mahudhurio yalikuwa aibu tupu. Mfumo wetu wa mishahara ulisajili siku yoyote ambayo mtu hakupita getini kuwa siku ya kukosekana, bila kutenganisha utoro, ugonjwa na likizo ya uzazi. Mfanyakazi aliyejifungua mwaka huo alikuwa na alama pungufu kuliko mwenzake aliyekwisha kuandikiwa barua mbili za onyo kwa utoro. Baadaye nilikuja kuusoma Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaohusu kusitisha ajira. Kifungu chake cha 5 kinataja sababu ambazo haziwezi kuwa halali za kumwondoa mtu kazini, zikiwamo jinsia, rangi, dini, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ujauzito na kutokuwapo kazini kwa likizo ya uzazi, na kifungu cha 6 kinaongeza ugonjwa wa muda. Mambo hayo yalikuwa yameandikwa miaka 27 kabla ya jedwali langu. Ulemavu haumo katika orodha ile ya kifungu cha 5. Umekuja kutajwa waziwazi katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao kifungu chake cha 27 kinakataza ubaguzi katika hatua zote za ajira na kumtaka mwajiri amwekee mfanyakazi mazingira yanayomwezesha kufanya kazi.

Safu ya tatu ilitokana na swali moja la fomu: "Je, uko tayari kufanya kazi zamu yoyote, pamoja na ya usiku?" Waliojibu hapana walikuwa karibu wote ni watu wanaolea peke yao au wanaouguza mzazi nyumbani, na walijibu hapana kwa sababu walikuwa wakweli. Katibu aliuliza swali ambalo lilipaswa kuwa langu: je, zamu ya usiku imewahi kukosa watu? Nilipiga simu kwa msimamizi wa usiku. Akacheka. Zamu ile, akasema, inagombewa kwa sababu ina posho. Kumbe nilikuwa nimewapunguzia watu alama kwa kushindwa kukidhi hitaji ambalo halikuwapo kabisa.

Ya nne, tathmini ya msimamizi, ndiyo iliyonikaa rohoni. Kulikuwa na kijana kiziwi katika kitengo cha lebo, ambaye sehemu yake ilikuwa na makosa machache kuliko zote kwa miezi mingi mfululizo. Msimamizi wake alimpa alama 2 kati ya 5, na chini yake akaandika maneno matatu: "Hachangamki kabisa vikaoni." Vikao hivyo havikuwahi kuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Nilikuwa nimeipokea fomu ile na kuiingiza kwenye kompyuta kwa mkono wangu mwenyewe, na macho yangu yaliona 2 tu.

Wapo wanaodhani kwamba ubaguzi lazima uwe na mtu mwenye nia mbaya nyuma yake. Mimi sikuwa na nia mbaya, na msimamizi yule pia sidhani kama alikuwa nayo. Sheria za nchi kadhaa zililitambua jambo hili zamani. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Griggs dhidi ya Duke Power, iliamua kwamba sharti la cheti cha sekondari na mitihani ambayo haikuhusiana na kazi yenyewe halikubaliki pale linapowafungia nje wafanyakazi Weusi, hata kama halitaji rangi ya mtu na hata kama aliyeliweka hakukusudia ubaya. Uchumi unapokuwa mzuri, kipimo kibovu humchelewesha mtu kupanda cheo, na mara nyingi hakuna anayeona. Unapodorora, kipimo hichohicho humtoa nje ya geti. Ndiyo maana mdororo hauwaumizi watu kwa kiasi sawa. Huko huko Marekani, kiwango cha ukosefu wa ajira kilifika asilimia 10 mwezi Oktoba 2009, lakini miongoni mwa Wamarekani Weusi kilivuka asilimia 16 mwanzoni mwa 2010. Na mwaka 2014 mwanasosiolojia Alexandra Kalev alichapisha utafiti kuhusu kampuni zilizopunguza watu, akaonyesha kwamba zile zilizotumia cheo au miaka ya utumishi ndizo zilizopoteza zaidi mameneja wanawake na wa jamii za wachache, kuliko zilizompima kila mtu kwa kazi yake. Nilipousoma, niliikumbuka rula ya mama yule.

Kabla ya kupanga upya tulijiuliza kama ni lazima watu 36 waondoke. Ujerumani wakati huo ilikuwa ikitumia mpango wake wa saa pungufu, ambapo mwajiri hupunguza saa za kazi badala ya watu na serikali hufidia sehemu ya mshahara uliopotea. Katika mwaka 2009 zaidi ya wafanyakazi milioni moja walikuwa ndani ya mpango huo, na ukosefu wa ajira nchini humo uliongezeka kidogo tu ingawa uzalishaji ulianguka vibaya. Sisi hatukuwa na serikali ya kutufidia, lakini wazo tulilichukua. Pendekezo la kwanza la menejimenti lilikuwa kila mtu apunguziwe moja ya tano ya saa zake na ya mshahara wake. Kwa maneno ni usawa. Ila moja ya tano ya mshahara wa meneja ni akiba yake, na moja ya tano ya mshahara wa mfungashaji ni kodi ya nyumba. Baada ya mabishano marefu, ambayo sitayaeleza yote kwa kuwa mengine hayakuwa ya heshima, makato yalipangwa kwa ngazi, na wa chini kabisa hawakuguswa. Idadi ya wanaoondoka ilishuka kutoka 36 hadi 21.

Jedwali jipya lilikuwa na wapimaji wawili kwa kila mtu, siku za likizo za kisheria na za ugonjwa hazikuhesabiwa, na vigezo vilibandikwa ukutani kabla ya alama kutolewa. Kila mtu aliruhusiwa kuziona alama zake na kuzikatia rufaa. Safari hii wengi wa walioondoka walikuwa wanaume, kwa sababu sehemu ya mashine ndiyo iliyokuwa imekosa kazi. Mmoja wao, mtu niliyekuwa nikimheshimu, alinisimamisha kwenye korido akaniuliza: "Kaka, usawa wenu ndio huu, kututoa sisi?" Nilimfungulia karatasi yake tukaisoma pamoja. Hakuridhika na hakuwa na sababu ya kuridhika, maana kazi ilikuwa imempotea. Katika nchi nyingi mdororo ule ulianza kwa kuwapiga wanaume, kwa kuwa ujenzi na viwanda ndivyo vilivyotangulia kusimama, na mtu anayesema kwamba usawa ni suala la wanawake peke yao hajawahi kukaa mezani na fundi wa miaka 52 anayeandika barua ya maombi ya kazi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 30. Mwenzake mmoja alikata rufaa, akaonyesha kwamba vyeti vyake viwili havikuingizwa, akabaki.

Wiki ileile tuliyokuwa tukipongezana kwa jedwali jipya, nilitia saini barua moja ya aya mbili. Ilikuwa ya kusitisha mkataba na kampuni iliyotuletea wasafishaji na wapakiaji wa kutwa. Sikuhesabu ni watu wangapi. Hapakuwa na safu wala alama, rufaa wala katibu mwenye kalamu nyekundu, kwa kuwa kwa mujibu wa makaratasi wale hawakuwa wafanyakazi wetu. Walikuwa karibu wote wanawake, wengi wao wahamiaji, na baadhi yao walikuwa wamefagia korido ile kwa miaka mingi kuliko mimi niliyoipita. Hata katibu, ambaye alikuwa ameviona vitone vyote vile, hakuviona vya hawa, kwa sababu hawakuwa wanachama. Nililitambua jambo hili miezi kadhaa baadaye, siku nilipotaka kumwomba mmoja wao funguo ya chumba cha kumbukumbu nikakumbuka kwamba hayupo. Nimejaribu mara nyingi kulitafutia udhuru na sijaupata.

Mdororo wa mwaka 2020 ulinikuta nikiwa mahali pengine pa kazi, nikiwa na cheo kikubwa zaidi na imani pungufu katika majedwali. Ulikuja na sura nyingine. Safari hii zilizosimama mwanzo ni huduma, biashara ya kuuza uso kwa uso, hoteli na kazi za majumbani, mahali ambapo wanawake ni wengi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba saa za kazi zilizopotea duniani mwaka huo zilikuwa asilimia 8.8, sawa na kazi milioni 255 za kutwa nzima, na kwamba ajira za wanawake zilipungua kwa asilimia 5 huku za wanaume zikipungua kwa asilimia 3.9. Kwetu watu hawakupunguzwa kwa orodha, walipunguzwa kwa bajeti, na hiyo ni njia iliyo kimya zaidi.

Nilipewa karatasi yenye kichwa "Gharama zisizo za lazima". Mstari wa kwanza ulikuwa wa safari, na hapo sikuwa na neno. Uliofuata ulikuwa wa mafunzo, kisha ruzuku ya malezi ya watoto, kisha mkalimani wa lugha ya alama, kisha matengenezo ya lifti ya jengo la nyuma. Aliyeiandaa alikuwa mhasibu mzuri na mtu wa haki. Aliorodhesha tu vitu ambavyo vikikatwa kampuni haisimami. Nilimwomba aongeze safu moja mbele ya kila mstari, yenye swali hili: mstari huu ukikatwa, nani hataweza kufanya kazi yake? Kwenye safari hakuandika kitu. Kwenye mkalimani aliandika majina mawili, akainua kichwa na kusema, "Mkuu, hii si gharama, hii ni kuwafukuza bila barua." Mstari wa mkalimani ukabaki, na wa lifti pia. Ruzuku ya malezi ilikatwa. Niliipigania nikashindwa, kwa hoja kwamba wengi wanafanya kazi nyumbani hivyo watoto wako nao. Waliotoa hoja hiyo hawakuwa na mtoto mdogo nyumbani hata mmoja.

Niseme pia kwamba tangu mwaka 2009 nimeacha kutumia ile hoja inayopendwa sana na washauri, kwamba mchanganyiko wa watu huongeza faida. Huenda ni kweli. Lakini ukimfundisha mkurugenzi kwamba anaajiri watu tofauti kwa ajili ya faida, umemfundisha pia cha kufanya siku faida inapotoweka. Mimi humweleza kwamba mtu anastahili kupimwa kwa kazi yake, kisha namwonyesha kipimo chake kinavyopima kitu kingine. Hayo yanaeleweka hata mwezi ambao hakuna mteja.

Hali ilipoanza kutengemaa mwaka 2021 tuliruhusiwa kuajiri tena, na nikashuhudia upotofu ambao nilikuwa sijaufikiria kabisa. Wasimamizi waliwapigia simu wale waliokuwa na namba zao, yaani marafiki. Pendekezo Na. 166, lililopitishwa pamoja na ule Mkataba Na. 158, linataka walioondolewa kwa sababu za kiuchumi wapewe kipaumbele pale mwajiri anapoajiri tena kwa sifa zinazolingana na zao, nami nilisimamisha simu zote mpaka iwepo orodha. Safari hii niliagiza orodha ianzie getini: kila aliyekuwa akiingia kufanya kazi ndani ya uzio wetu mwanzoni mwa 2020, awe analipwa na sisi au na wakala. Meneja mmoja aliniuliza, bila ubaya wowote, "Na hao wa usafi ni wetu?" Nikamjibu kwamba walikuwa wakifagia kwetu. Orodha ikarefuka kwa ukurasa mzima, na robo ya namba za simu zilizokuwamo hazikuwa zikipatikana tena.

Nilizipiga nyingine mwenyewe. Mwanamke mmoja, ambaye kabla ya janga alikuwa akisafisha ghorofa yetu, alipokea mlio wa tatu. Nilijitambulisha, nikamweleza kwamba nafasi yake ipo na kwamba safari hii mkataba utakuwa na sisi moja kwa moja. Alinyamaza kidogo, akashukuru, akauliza zamu inaanza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi. Akauliza kama ule msaada wa malezi ya mtoto, ambao alikuwa akiwasikia wafanyakazi wa ofisini wakiutaja, bado upo na kama sasa utamhusu na yeye. Nilimwomba anipe siku mbili, nikakata simu, nikaanza kuitafuta kwenye kabati ile karatasi ya mhasibu.